Ongeza vituo, si kilomita

*"Naishi upande wa jiji unaojengwa kwa kasi. Mwaka jana nilinunua baiskeli na darubini ya 10x50 iliyokwisha kutumika, nikaanza kwenda mashambani kila Jumamosi kutazama ndege. Natoka saa tatu asubuhi nikishamaliza kazi za nyumbani, narudi kabla ya saa saba, na sasa nimefikia kilomita 45. Ajabu ni kwamba kadiri ninavyokwenda mbali ndivyo ninavyoona ndege wachache. Miezi ya mwanzo niliandika aina 30 na zaidi; sasa hata 18 sifikishi. Bwawa nililolipenda limefukiwa. Mwenzangu anasema ndege huogopa baiskeli, eti nitembee kwa miguu. Mwingine anataka niache haya mashamba yanayogeuka viwanja nikatafute msitu wa kweli. Wa tatu ananishauri nipige sauti za ndege kwa simu ili wajitokeze. Juu ya hayo, nikirudi vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, na darubini ikikaa machoni kwa muda kichwa kinauma. Je, niendelee?"*

Endelea, ndugu yangu. Ila hizo kilomita 45 ndizo ningezikata kwanza.

Chukua hesabu yako mwenyewe. Kutoka saa tatu hadi saa saba una saa nne. Kwenye njia za vumbi na mashimo, mwendo wa kawaida ni kama kilomita 15 kwa saa, kwa hiyo saa tatu zimeliwa na pedali. Imebaki saa moja, nayo umeigawa kati ya kunywa maji, kuziba pancha na kuuliza njia. Miezi ya mwanzo, ulipokuwa huna pumzi, bila shaka ulisimama kila baada ya kilima. Uchovu ndio uliokuwa ukikuonyesha ndege. Sasa miguu imekomaa na macho hayana tena nafasi ya kufanya kazi.

Halafu kuna saa yenyewe. Ndege wengi wadogo huimba zaidi kunapopambazuka, wakati mwanga bado hautoshi kutafuta chakula vizuri na hewa imetulia kiasi cha sauti kufika mbali. Kisha hula kwa bidii, kwa sababu usiku kucha hawakula. Jua likishakuwa kali hutulia kivulini na kunyamaza. Ukitoka saa tatu umewakuta wakimaliza zamu. Sisemi saa tatu haina faida: ardhi ikishapata moto, hewa ya joto hupanda juu, na hapo ndipo mwewe, tai na wenzao wa mabawa mapana huanza kuzunguka angani bila kupiga bawa. Mtazamaji wa ndege wakubwa anaweza kulala kidogo. Anayetaka ndege wa vichakani awe ameshafika kwenye kituo chake cha kwanza saa kumi na mbili na robo. Kama kazi za nyumbani haziahirishiki, geuza ratiba utoke saa kumi jioni. Jioni haina kelele nyingi kama alfajiri, lakini ndege hurudi kula kabla ya kulala, nayo ni bora mara nyingi kuliko saa tano ya mchana.

Kabla ya kuhitimisha kwamba ndege wamepungua, angalia pia kalenda. Wahamiaji huja na kuondoka kwa majira. Wenyeji nao hupunguza kuimba wakishamaliza kulea, na wakati wa kubadilisha manyoya hujificha kwa sababu hawaruki vizuri. Mtu aliyeanza katika mwezi mnono atadhani kila mwezi unaofuata ni msiba. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliotangulia, tena kwa njia ileile, kwa muda uleule. Bila hivyo, 30 na 18 ni namba mbili zisizojuana.

Ndiyo maana jukwaa la eBird, lililoanzishwa mwaka 2002 na Maabara ya Ornitholojia ya Cornell pamoja na shirika la Audubon la Marekani, halikuulizi aina za ndege tu. Linataka saa uliyoanza, dakika ulizotumia, umbali uliokwenda, na kama umeandika kila ndege uliyemtambua au wale waliokufurahisha pekee. Hata kama hupendi kuweka kumbukumbu zako mtandaoni, andika hayo manne kwenye kijitabu chako. Na usiandike orodha moja ya kilomita 45. Andika orodha fupi kwa kila kituo. Orodha ndefu inachanganya shamba la mtama, mtaro wa maji taka na kijiwe cha bodaboda kana kwamba ni mahali pamoja, na mwaka ukiisha hutajua ni wapi ndege walipotoweka.

Sasa nije kwa baiskeli. Mwenzako amesema nusu ya kweli. Kila ndege hubeba kichwani umbali fulani ambao kiumbe akiuvuka, kukaa kunakuwa ghali kuliko kuruka. Kuruka nako kuna gharama, maana anaacha chakula na kuchoma nguvu, kwa hiyo haruki ovyo. Hupima. Anatazama unaelekea wapi, una kasi gani, na kama macho yako yamemkazia. Mwendesha baiskeli anayepita kando kwa mwendo usiobadilika, hasa kwenye njia ambayo watu hupita kila siku, mara nyingi huhesabiwa kama mpita njia. Kinachomshtua ndege ni pale baiskeli inapofunga breki ghafla, mtu anashuka, anageuka kumkabili na kuinua kitu cheusi usoni. Kwa ndege hiyo ni picha ya mwindaji. Nimeona hili mara nyingi mno na watu ninaowaongoza: wanapita mita 15 kutoka kwa mdiria aliyetulia juu ya waya, wanafurahi, wanasimama, naye huyo, kaenda.

Kwa hiyo jizoeze kupita. Ukimwona ndege, usimkazie macho. Endelea mita 30 au 40, simama nyuma ya mti au kichaka, shuka upande wa pili ili baiskeli ikae kati yenu, kisha ndipo ugeuke polepole. Afadhali zaidi, panga vituo mapema na uvifikie kabla ndege hawajakuona una haja nao. Simama, egemeza baiskeli, kaa kimya. Dakika tano za kwanza hazina kitu, wamekuona ukija. Kati ya dakika ya sita na ya kumi na tano hivi eneo linaanza kukusahau. Wengi huondoka dakika ya nne na kuandika kwamba mahali hapa hapana kitu.

Jambo dogo ambalo watu hulipuuza ni kelele ya friwili. Ukiacha kupiga pedali, friwili hulia tik-tik-tik, na baadhi ya baiskeli hulia kama mtu anayevunja vijiti. Ukikaribia kituo, endelea kuzungusha pedali taratibu badala ya kuteleza, na ile sauti itakoma. Tia mafuta kwenye cheni, kaza keria inayogongagonga, punguza kidogo upepo wa tairi ukiwa kwenye changarawe. Breki zinazopiga yowe zitengenezwe, kwa ajili ya ndege na kwa ajili ya shingo yako.

Kutembea kwa miguu si kosa. Ndani ya kichaka au kwenye tope, miguu hushinda. Lakini pembezoni mwa jiji, mahali pazuri pamekatwakatwa vipande: kipande cha nyasi, kisha nusu kilomita ya matofali, kisha dimbwi. Baiskeli inakuvusha matofali upesi na kukubakizia nguvu kwa vile vipande. Itumie kwa hiyo kazi, si kwa kutafuta rekodi.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana naona huzuni yako iko kwenye lile bwawa.

Watu wengi hudhani jiji linasonga kama moto: mbele yake kuna mashamba yenye ndege, nyuma yake kuna zege. Uhalisia ni wa ajabu zaidi. Ukingo wa jiji, kwa miaka kadhaa, unaweza kuwa na aina nyingi za ndege kuliko shamba lililokuwapo hapo awali. Mwenye shamba akishauza, jembe linakoma. Magugu yanakomaa hadi kutoa mbegu, na ndege wanaokula mbegu hujaa humo. Wachimba udongo huacha shimo, mvua inalijaza, mdiria na mbayuwayu wanafika. Ukuta wa shimo uliosimama wima ni nyumba kwa keremkerem, ambao huchimba matundu marefu ndani yake na kulea humo. Changarawe iliyomwagwa kwa ajili ya barabara inafanana na ukingo wa mto, na ndege watagao chini huweka mayai juu yake. Hata yangeyange, aliyezoea kufuata ng'ombe ili adake panzi wanaoshtuliwa na kwato, amegundua kwamba trekta na mashine ya kukata nyasi hushtua panzi zaidi. Huyu ni ndege aliyevuka Atlantiki kutoka Afrika hadi Amerika Kusini mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara lote bila kusaidiwa na mtu. Buldoza moja halimtishi.

Lakini neema hiyo ni ya mkopo. Shimo hufukiwa, magugu hufyekwa, changarawe hulazwa lami. Na kuna udanganyifu mmoja unaowanasa hata wazoefu: ndege wanaoishi miaka mingi huendelea kuonekana mahali ambapo hawazai tena. Unamwona bundi yuleyule juu ya mbuyu uleule na unadhani mambo ni shwari, kumbe panya wa shambani wamekwisha na hajalea kifaranga kwa misimu kadhaa. Kwa hiyo usihesabu vichwa tu. Tafuta dalili za kuzaa: ndege aliyebeba mdudu mdomoni badala ya kummeza, makinda yanayotetemesha mabawa yakiomba chakula, majani makavu yakipelekwa mahali pamoja. Katika kijitabu changu dalili hizo zina safu yake, na ndiyo safu ninayoisoma kwanza mwaka unapoisha.

Utagundua pia nani anabaki. Kunguru, shomoro na njiwa watakuwa wengi kuliko ulivyoanza, kwa sababu hula chochote na hutaga popote, hata kwenye paa la bati. Watakaoondoka ni watagao chini kwenye nyasi, wanaohitaji miti mikongwe yenye mapango, na wale wa majani marefu ya majini. Wengine watabaki lakini watabadilika. Huko Leiden, Uholanzi, watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba ndege mdogo aitwaye Parus major huimba kwa sauti nyembamba zaidi penye kelele nyingi za mji, ili asifunikwe na ngurumo nzito ya magari. Ukiwa na sikio zuri, hilo ni jambo la kulisikiliza pale barabara yako mpya inapopita.

Basi, je, uende msituni? Nenda, mara moja kwa mwezi ukiweza, kwa furaha tu. Utaona aina ambazo ukingo hautakupa kamwe, na ni uongo kukuambia kwamba kiwanja chenye magugu ni sawa na msitu. Ila msitu mzuri kwa kawaida una watu wake wanaouchunguza. Kiwanja kinachokufa nyuma ya mtaa wako hakina shahidi. Kumbukumbu za miaka miwili za kituo kimoja, zenye tarehe, muda na idadi, ni kitu ambacho mtu anaweza kukiweka mezani pale mradi unapotakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira na wananchi wanapokaribishwa kutoa maoni. Zitaokoa bwawa? Mara nyingi hapana, sitaki kukudanganya. Wakati mwingine huahirisha kazi hadi makinda yatoke, au huacha ukanda wa matete kando ya mtaro. Ningekushauri uchague njia moja ya kilomita 12 hadi 15, yenye vituo sita, na uirudie wiki baada ya wiki hata pale panapochosha. Hasa pale panapochosha.

Panga njia hiyo ili asubuhi uende ukiipa jua mgongo, yaani ukielekea magharibi. Ndege watakuwa mbele yako wamemulikwa, rangi zote wazi. Ukielekea mashariki saa hizo utaona vivuli vyeusi tu. Kuna sababu nyingine ambayo si ya ndege. Ukiwa unarudi mashariki na jua bado liko chini, dereva wa lori la mchanga anayekuja nyuma yako amelikodolea jua na huenda asikuone kabisa. Subiri lipande, au rudi kwa njia isiyo na malori.

Kupiga sauti za ndege kwa simu, hapana. Ndege akisikia sauti ya mwenziwe katika himaya yake, anaacha kula au anaacha kiota na kuja kupigana na adui asiyekuwepo. Ukifanya hivyo kila Jumamosi kwenye kipande kidogo cha kichaka kilichobaki, unamtoza kodi ndege yule yule aliyebanwa tayari na ujenzi. Simu itumie kusikiliza. Programu ya Merlin inaweza kukudokeza ni nani anayeimba. Ichukulie kama mwenzako mwenye haraka, anayepatia mara nyingi na kukosea kwa kujiamini. Usimwandike ndege mpaka wewe mwenyewe umemwona au umemjua kwa sauti.

Darubini yako ya 10x50 si mbovu kwa ukubwa wake, ila haiendani na kazi. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Yako inakuza mara 10, na mtetemo wa mikono nao inaukuza mara 10. Mtu aliyeshuka kwenye baiskeli sasa hivi moyo unampiga mpaka kwenye viganja. Tena nyingi za aina hiyo hukaribia kilo moja. Ya 8x32 huwa karibu nusu ya uzito huo, picha inatulia, na kwa kawaida unaona eneo pana zaidi, jambo linalosaidia kumpata ndege anayerukaruka. Gharama yake ni mwanga: gawanya 50 kwa 10 unapata milimita 5 za mwanga unaoingia jichoni, 32 kwa 8 unapata 4, kwa hiyo alfajiri ya giza picha itafifia kidogo. 8x42 kwa uzito iko katikati. Usikimbilie kununua, lakini. Kaa na ile uliyonayo, tulia dakika moja baada ya kusimama, egemeza viwiko kwenye siti ya baiskeli, na tofauti utaiona.

Maumivu ya kichwa ni suala jingine. Kwanza rekebisha macho: funga jicho la kulia, lenga kwa gurudumu la katikati ya darubini, kisha funga la kushoto na uzungushe pete ya lenzi ya kulia hadi picha iwe kali. Wengi hawajawahi kuigusa pete hiyo. Kama kichwa bado kinauma, lenga waya au paa lililonyooka, kisha isogeze darubini polepole mbali na macho. Mstari ukikatika, upande mmoja juu na mwingine chini, prizimu, vile vioo vya ndani vinavyopitisha picha, zimehama. Huenda zilihama kabla hujainunua, au umekuwa ukiifunga kwenye keria ikapigwa na kila shimo la barabara. Mpelekee fundi wa vifaa vya macho, usiifungue mwenyewe. Ibebe kifuani kwa mikanda inayopita mgongoni, si kwa kamba ya shingoni, ambayo huning'inia na kunaswa na usukani.

Vidole viwili vya mwisho kufa ganzi kunatokana, kwa kawaida, na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kitako cha kiganja upande wa kidole kidogo. Uzito wako unaubana dhidi ya usukani, na mtikisiko wa njia unaongezea. Pandisha usukani kidogo, hakikisha siti haijainamia mbele kukusukumia mikononi, badilisha mshiko kila baada ya dakika chache, vaa glovu zenye sponji. Na punguza kilomita, kama nilivyosema. Ganzi ikiendelea siku kadhaa baada ya kupumzika, au ukiona huwezi kubana karatasi kati ya vidole, mwone daktari ana kwa ana. Hilo halisubiri ushauri wa maandishi.

Vivyo hivyo mbwa, ambao kwenye mageti mapya ya mashambani ni wengi. Ukifukuzwa, mara nyingi kushuka na kuweka baiskeli kati yenu huwapoza kuliko kukimbia. Ukiumwa, hata mchubuko tu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Na mwenye kiwanja akikuuliza unatafuta nini, mpe darubini atazame. Mtu mwenye darubini karibu na mipaka ya ardhi inayogombaniwa hutiliwa shaka. Omba ruhusa kwanza, ukikataliwa ondoka.

Jumamosi ijayo nenda kwenye shimo la udongo lililo karibu na lile bwawa. Pakiwa na bwawa lililofukiwa, kwa kawaida kuna mahali kifusi kilipochimbwa. Kaa mbali na ukingo wa juu, unaweza kumomonyoka. Tazama ukuta wa upande wa pili kwa dakika 20. Ukiona matundu, chunguza midomo yake: tundu linalotumika huwa na mifereji miwili midogo iliyochongwa na miguu ya ndege wanaoingia na kutoka, na mara nyingi kinyesi cheupe chini yake. Andika ni mangapi yana mifereji na mangapi yana utando wa buibui.